Kuchakuro na Darasa la Saa Sita Mchana

Fumbeni macho kidogo, wanangu. Tazameni mbuga pana yenye nyasi za rangi ya mkate. Katikati pana kichuguu kirefu, na juu ya kichuguu amekaa mwalimu mdogo mwenye mkia unaomzidi mwili, ameshika simu kwa mikono miwili. Huyo ndiye Mwalimu Kuchakuro, yule kindi wa ardhini. Mmemwona? Haya, fumbueni.

Hapo zamani za kale, ila si kale sana, maana wanyama walikwisha kuwa na simu, Kuchakuro alifundisha darasa la kwanza katika shule ya mbuga ile. Wanafunzi wake walikuwa wa kila namna, lakini aliyemtia mawazo alikuwa Kidawa, binti wa nyumbu. Kidawa ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuunganisha silabi, na mvua nazo zilikuwa zimehamia kusini. Jamaa zake walikuwa wanajiandaa kuzifuata, kama nyumbu wafanyavyo kila mwaka.

"Mwalimu," Kidawa alimuuliza, "nikirudi si nitakuta wenzangu wanasoma vitabu, na mimi nimesahau hata herufi?"

"Hutasahau, mwanangu. Bodi inachagua jukwaa la masomo la kwenye simu. Utasomea njiani huko huko."

Alisema hivyo kwa moyo mkunjufu, kisha akaenda kwenye kikao cha bodi.

Majukwaa yaliyoletwa yalikuwa ya aina mbili. Katika la kwanza, mwalimu na wanafunzi waliingia wote kwa wakati mmoja, wakaonana nyuso. Katika la pili, mwalimu aliweka somo, na kila mtoto akalichukua alipopata mtandao, akalisoma alipopata nafasi.

"Tunachukua la kwanza," alisema Simba, mwenyekiti wa bodi, hata chai haijamiminwa. "Nataka kuona nyuso. Na kipindi kiwe saa sita mchana."

"Kwa nini saa sita, mwenyekiti?" aliuliza Mama Tembo, mwalimu mkuu.

"Saa hiyo mimi nalala. Watoto wote wakiwa kwenye simu, mbuga itatulia."

Kiboko, mjumbe wa bodi, akacheka hadi benchi likalia kwi, kwi. "Na atakayechelewa je?"

"Mlango wa jukwaa unajifunga wenyewe. Na asiyejibu akiitwa jina anatolewa. Aliye nje amekubali yaliyosemwa ndani. Maneno yamekwisha."

Kuchakuro akainua mkono. "Saa sita nyumbu wako safarini, mzee. Mtandao wanaupata jioni tu, wakipumzika mlimani."

"Basi waache kuhama."

"Nyumbu waache kuhama?"

"Kuchakuro, wewe maneno yako ni mengi kuliko njugu ulizofukia."

Bodi ikaangua kicheko. Kuchakuro naye akacheka, maana alikwisha kuiona njia.

"Umenishinda, mzee wangu," alisema kwa upole. "Jukwaa hili kweli ni la wakubwa. Nina ombi moja tu. Bodi iwe ya kwanza kulitumia. Kesho tuupitishe uamuzi humo humo, saa sita hiyo hiyo, kwa masharti hayo hayo. Watoto wakisikia kwamba Simba mwenyewe aliingia darasani, nani atathubutu kukosa?"

Simba akatikisa manyoya ya shingo. "Nani atathubutu," alirudia, na maneno yakamkolea kinywani.

Kesho yake, jua likiwa utosini, Kuchakuro alipanda kichuguu chake na kuingia.

Kiboko alikuwa ndani, simu ameiegemeza kwenye jiwe la mtoni. "Jua linanichoma mgongo, Mwalimu. Nazama mara moja tu." Akazama. Blubu, blubu. Jukwaa likamwita jina, likajibiwa na mapovu, likamtoa.

Mama Tembo alikuwa akiwapeleka wanawe kunywa maji. "Mwalimu, unanisi..." Sura yake ikaganda, mkonga juu, sikio moja limefunika kioo. Kule bondeni hakukuwa na mtandao. Jukwaa likamtoa naye.

Na Simba? Simba alijilaza chini ya mgunga, simu mkononi, akingoja saa itimie. Akafumba jicho moja ili lipumzike. Halafu akalionea huruma la pili. Khorrr. Mlango wa jukwaa ukajifunga, kacha.

Kuchakuro akabaki peke yake. Akakohoa kidogo, kama ilivyo desturi ya vikao.

"Wajumbe, napendekeza tuchukue jukwaa la pili, ili kila mtoto asome apatapo mtandao. Kuna anayepinga?" Akangoja kwa adabu. Nzi akapita. "Hakuna. Limepita."

Jioni kichuguu kilitikisika kwa ngurumo ya Simba.

"Kuchakuro, toka nje."

"Nikiwa ndani huwa naongea vizuri zaidi, mzee," sauti ikajibu kutoka shimoni.

"Umenihadaa."

"Nimekuhadaa, mzee wangu, sikatai. Nilikutegea usingizi wako mwenyewe."

"Nimefungiwa mlango mimi, kama mtoro!"

"Iliuma?"

Simba akachora mchanga kwa ukucha. Mama Tembo, aliyekuwa amefika nyuma yake, akajifanya kutazama mawingu.

"Iliuma," Simba alisema mwishowe, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake.

"Basi Kidawa angefungiwa kila siku, mzee. Na yeye si mtoro. Ni nyumbu tu."

Simba akakaa chini, akakuna sikio. "Hilo la pili... mtu anaweza kusoma akishaamka?"

"Hata akiamka magharibi."

"Na bila kuitwa jina?"

"Bila kuitwa."

"Basi libaki hilo," alisema Simba. "Lakini toka humo, Mwalimu. Siwezi kuomba radhi kwa tundu."

Kuchakuro akatoka, mkia mbele kwanza, kwa tahadhari. Kisha akaweka somo la siku ile. Mbali mlimani, simu ya Mama Nyumbu ikalia ting. Kidawa akafuta vumbi kwenye kioo kwa ulimi, akajibanza miguuni pa mama yake, akaanza kusoma.

Nanyi wanangu, nawaomba mkumbuke jambo moja tu: kabla hujamchagulia mwenzio namna ya kusoma, jua kwanza namna anavyoishi.