Mgeni Katika Darubini ya Usiku

Kisa hiki nilisimuliwa na mtu aliyekuwa askari wa wanyamapori kwa miaka ishirini na sita. Majina nimeyaandika kamili kama alivyoyataja. Ukimaliza kukisoma, mpelekee mwenzako mmoja aliyekabidhiwa kitu cha watu.

Katika kituo cha Itandula, kando ya mto Nyamihulwa, askari walikuwa na darubini moja ya usiku. Haikuwa ya kushika mkononi. Ilifungwa kichwani kwa mikanda, ikakaa mbele ya macho, na mikono ikabaki huru kushika bunduki. Mbele ilikuwa na lenzi moja, nyuma matundu mawili ya macho. Aliyeivaa aliona giza lote limegeuka kijani: majani, maji, hata panya akivuka njia.

Mkuu wa kituo aliitwa Kornelio Mbawala. Wengi walimwita Koneli, lakini jina lake la ubatizo ni Kornelio. Yeye peke yake alikuwa amesomea chombo kile, kozi ya wiki mbili, na masharti yake aliyajua bila kutazama kitabu.

"Izimeni kabla ya kuivua," aliwaambia askari. "Kifuniko kirudi kwenye lenzi kabla jua halijachomoza. Msifute kwa shati, futeni kwa kitambaa chake. Betri zitoke kila asubuhi. Chombo hiki hunywa mwanga kidogo sana. Kikipewa mwingi, kinaungua."

Askari Festo Ngatunga aliwahi kusahau betri ndani yake siku moja. Akaadhibiwa kuchota maji ya kituo kizima kwa wiki nzima.

Alfajiri moja mkuu mwenyewe alishuka kutoka mnara wa ulinzi baada ya zamu ndefu. Alikuwa na homa. Aliitundika darubini kwenye msumari stoo, akaenda kulala. Hakuizima, wala hakuifunika. Mlango wa stoo ulielekea mashariki, na alikuwa ameuacha wazi kidogo, kiasi cha mtu kupita kwa ubavu. Jua lilipochomoza liliingia kwa ule mwanya, likaipiga lenzi kwa saa mbili.

Jioni alipoivaa, alimwona mtu.

Alikuwa amesimama wima, mweusi, mrefu, bila shingo wala mikono. Kornelio akageuka kushoto. Yule mtu akaja naye kushoto. Akatazama ukuta, amesimama ukutani. Akatazama mwezi, amesimama ndani ya mwezi. Ndipo akaelewa. Mwanga wa ule mwanya wa mlango ulikuwa umeunguza chombo ndani, na palipoungua hapakuona tena.

Kulikuwa na daftari la vifaa, ambamo mkuu wa kituo aliandika kila asubuhi hali ya kila kitu. Kama angeandika alichofanya, darubini ingepelekwa kutengenezwa, naye angeitwa kujieleza. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na miezi miwili kustaafu. Katika miaka thelathini na moja ya kazi hakuwahi kuandikiwa kosa. Alishika kalamu muda mrefu. Kisha akaandika: "Darubini ya usiku: nzuri."

Usiku ule Festo alipanda mnarani kushika zamu. Hazikupita dakika tano, akashuka mbio akiruka ngazi mbili mbili.

"Afande, kuna mtu!"

"Wapi?"

"Kila mahali."

Kornelio hakucheka. "Hicho ni kivuli tu. Vyombo vya aina hii vikizeeka huota kivuli. Tulifundishwa kwenye kozi. Usikijali, tazama pembeni yake."

Askari waliamini, kwa kuwa aliyesema ndiye aliyesoma. Kile kivuli wakakipa jina, wakakiita Mgeni.

Mwanzoni hakuna aliyetaka kukaa mnarani peke yake. Ukimtazama mwenzako, Mgeni alisimama mbele ya uso wake, ukabaki unaongea na mtu asiye na uso. Ukitazama njia ya chooni, alikuwa amekutangulia. Festo aliapa kwamba ukimkazia macho, hupumua. Lakini mwezi wa kwanza ulipita, na wa pili, na woga ukawa mazoea. Wakipanda zamu humwamkia, "Shikamoo, Mgeni." Wakishuka humuaga. Kornelio aliwasikia. Kila asubuhi aliandika: nzuri.

Ikapita miezi minane.

Wakati wa masika alihamishiwa pale askari mpya, Veneranda Kihwele, mwanamke wa miaka kama thelathini, mtulivu. Usiku wake wa kwanza alipangwa mnarani pamoja na Festo. Mkuu hakuwapo. Alikuwa amekwenda ofisi ya kanda kupeleka taarifa ya robo mwaka, na alitarajiwa kesho yake.

"Darubini imekaguliwa?" Veneranda aliuliza wakati wakipanda.

"Daftari linasema nzuri," alijibu Festo. "Wewe panda tu, dada. Ngazi ya tano imelegea."

Mnara ulitazama kivuko, maana hapo ndipo majangili walipopenda kuvukia. Usiku huo hapakuwa na mwezi. Mto ulikuwa umejaa, na mngurumo wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba watu wawili waliokaa goti kwa goti walilazimika kupaaza sauti. Katikati ya maji ilikuwa imebaki nguzo moja ya daraja la zamani.

Saa mbili usiku Festo alivaa darubini, akatazama kivuko, akacheka.

"Shikamoo, Mgeni! Leo umeamua kuoga?"

Akageuka kutazama msitu. Saa nne akatazama kivuko tena. Mgeni alikuwapo. Akageuka. Ilipofika saa sita akatazama mara ya tatu, akapiga miayo, akaivua na kumpa Veneranda.

Veneranda aliifuta lenzi kwa kitambaa chake. Akakaza mikanda, akazungusha pete ya mbele polepole mpaka picha ikatulia. Akaelekeza uso mtoni. Akageuza kichwa taratibu, kisha akakirudisha.

"Kaka Festo."

"Naam."

"Huyu mtu ni nani?"

Festo akajipiga paja. "Umeshakutana naye! Sikukwambia makusudi. Huyo anaitwa Mgeni. Hana neno, dada. Ni uzee wa chombo tu, mkuu mwenyewe alitueleza. Mwamkie, uendelee na kazi."

"Huyo wa chombo nimeshamwona. Yuko huku kulia."

"Haya, basi."

"Nakuuliza yule wa pili."

Festo akaacha kucheka.

"Dada, usinitanie usiku huu."

"Sikutanii. Nimegeuza kichwa taratibu. Mmoja amekuja nami. Mmoja amebaki kwenye nguzo."

"Geuza tena."

Veneranda akageuza kichwa kushoto, kisha kulia, kama mtu anayekataa jambo polepole.

"Amebaki," alisema. "Na huyu ana shingo."

Festo alimvua darubini bila kulegeza mikanda. Kwa miezi minane alikuwa amejifunza kwamba kitu cheusi kilichosimama wima si cha kutazamwa, na jicho lake lilikuwa limeacha kuhesabu kama ni kimoja au ni viwili. Sasa alitazama alivyoelekezwa. Mgeni aliondoka na jicho lake, akaenda kusimama juu ya msitu. Lakini pale kwenye nguzo alibaki mwingine, mweusi, amekakamaa, maji yakimfika kifuani.

Halafu yule mwingine akainua kidevu.

Festo alianza kusali kwa sauti. Aliposikia ngazi zinalia, alitazama chini, akaona Veneranda ameshateremka na kamba nene ya kuvutia gari begani.

"Unakwenda wapi?"

"Mtoni."

"Na kama si mtu?"

"Tukifika tutajua."

"Na kama ni jangili?"

"Jangili naye huzama, kaka. Njoo ushike kamba."

Festo alibaki juu kwa muda wa pumzi chache. Kisha akamfuata.

Walipofika ukingoni waliwasha tochi. Mwanga ulipita juu ya maji ya tope, ukafika kwenye nguzo, ukakuta mikono miwili imeikumbatia, na kati ya mikono hiyo uso uliosawijika kwa baridi. Alikuwa Kornelio Mbawala.

Pikipiki yake ilikuwa imekwama matopeni kilomita sita kutoka pale. Hakutaka kulala njiani, akatembea. Alifika kivukoni saa kumi na mbili jioni, maji yakiwa ya magoti, akaingia. Alipofika katikati, maji mengine yalishuka kutoka milimani kwa mkupuo mmoja, yakachukua tochi na viatu vyake. Alifanikiwa kuidaka nguzo. Tangu hapo alikuwa amesimama juu ya kitako cha zege cha nguzo hiyo, bila kuthubutu kuachia hata mkono mmoja ili apunge.

Kumtoa kulichukua karibu saa nzima. Festo ndiye aliyefungwa kamba kiunoni akaingia majini, na Veneranda akaizungusha kamba kwenye mti na kuivuta. Vidole vya mkuu vilikuwa vimekakamaa. Festo alilazimika kuvibandua kimoja kimoja.

Walimlaza jikoni karibu na moto, wakamfunika mablanketi matatu. Alipokunywa uji na meno yakaacha kugongana, Festo alipiga magoti mbele yake.

"Afande, nisamehe. Nilitazama kivuko mara tatu."

"Najua. Nilihesabu."

"Uliniona?"

"Mipira inayoziba matundu ya macho ya darubini imechakaa," alisema Kornelio kwa sauti iliyokauka. "Mwanga wa chombo unavuja, unaangaza mashavu ya aliyekivaa. Kule mtoni kulikuwa giza tupu, na juu ya mnara nikaona uso wa kijani. Uso peke yake, hauna mwili. Ukageuka taratibu, ukanitazama moja kwa moja. Nikasema, Mungu mkubwa, nimepona. Mara nikaona meno. Ulikuwa unacheka. Kisha uso ukageuka, ukaenda zake."

Festo alifunika uso kwa mikono.

"Nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha. Uso ukarudi mara ya pili, ukanitazama, ukaondoka. Mara ya tatu sikuita tena. Nilijua hutaniona, hata ukinitazama mpaka asubuhi. Na sababu niliijua."

"Ni kile kivuli, afande. Tulikizoea mno. Chombo kimezeeka, si kosa la mtu."

Kornelio alitazama moto.

"Chombo hakijazeeka, Festo. Havioti kivuli vyombo hivi, wala hatukufundishwa hivyo. Niliwadanganya. Mimi ndiye niliyeiacha darubini wazi stoo, jua likaichoma. Huyo mliyekuwa mkimwamkia, mimi ndiye niliyemweka humo."

Veneranda alisukuma kuni ndani ya mafiga.

"Miezi minane, afande," alisema Festo. "Mimi kwa betri tu nilichota maji wiki nzima, na nilikubali. Kwa nini wewe hukusema?"

Mkuu wa kituo alivuta blanketi mabegani.

"Niliogopa watu kuona kosa langu," alisema.

Funzo: Kosa ukilificha, wenzako hulizoea, na wakishalizoea huacha kuona hata mtu aliyesimama mahali hapo akihitaji msaada. Litaje kosa lako siku ile ile, maana hujui ni nani atakayesimama gizani akingoja kuonekana.