Fisi Aliyetaka Wagonjwa Wenye Miguu Mingi

Paukwa!

—Pakawa!

Pakawa nini?

—Miguu!

Miguu ya nani?

—Yetu na yenu!

Mmeiosha?

Mnaificha. Nilijua. Haya, ikunjeni, wenye magaga nyuma, wasio na magaga mbele, tuanze. Wewe Kombo, daktari wetu wa miguu, kaa hapa karibu nami. Zahanati yako ina mwezi wa tatu sasa, kiti cha wagonjwa hakijavuliwa hata nailoni yake, na kila nikipita nakukuta mlangoni umeshika tama. Nikikuuliza, unanijibu, "Shangazi, kizuri chajiuza." Sawa. Sikiliza.

Aliondokea Kindi. Alikuwa mdogo, mdogo, mdogo, ungemfunika kwa kifuu cha nazi na bado angepata nafasi ya kujigeuza. Alikaa kwenye shimo la kichuguu, kando ya njia ya kwendea mtoni, na kazi aliyoijua ilikuwa moja: miguu. Mwiba aliutoa. Funza alimtoa. Kokoto iliyonasa kwenye kwato aliitoa. Meno yake membamba, vidole vyake vyepesi. Chwap! Umeshapona, nenda zako.

Lakini wagonjwa hakuwa nao. Alikaa mlangoni akisema, "Kizuri chajiuza." Jua likachomoza, akasema kizuri chajiuza. Jua likatua, akasema kizuri chajiuza. Siku ya tatu akaingia ghalani, akakuta karanga mbili. Akala moja. Akaitazama ile nyingine, nayo ikamtazama.

"Chajiuza, sawa," akasema Kindi. "Lakini nani anajua kama kipo?"

Akatoka. Akaenda kukaa kando ya njia. Hakutazama nyuso za wapitao, alitazama miguu tu. Akapita Nyati. Ndu, ndu, ndu, tii. Ndu, ndu, ndu, tii.

"Shikamoo, Mzee Nyati. Mguu wa nyuma, wa kushoto, sivyo?"

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Mguu wenyewe."

Chwap! Ukatoka mwiba wa mgunga, mrefu kuliko mkono wa Kindi. Nyati akajaribu kukanyaga. Ndu, ndu, ndu, ndu. Akacheka mpaka pembe zikatikisika.

"Nikulipe nini, mwanangu?"

"Karanga kidogo, ukipata. Na ukanyage hapa mlangoni kwangu."

Mlangoni Kindi alikuwa amemwagia udongo maji ukalainika. Nyati akakanyaga, unyayo ukabaki umetulia, haukulalia upande hata kidogo. Na porini kila mtu anajua kusoma nyayo, hata yule asiyejua kusoma kitu kingine. Waliopita wakasimama wakasema, "Eti huyu si Nyati? Mbona juzi alikuwa akichechemea?" Wakaja. Kongoni akaja: chwap, karanga, kanyaga hapa. Ngiri akaja: chwap, karanga, kanyaga hapa. Na kila alfajiri Kindi aliishika njia ya mtoni akiimba. Mnitikie:

Mwiba, mwiba, toka mguuni!

—Chechemea, chechemea!

Mwenye mguu arudi nyumbani!

—Tembea, tembea!

Vizuri. Sihaba, wewe umeitikia kabla ya wenzio, lakini si neno.

Ghala likajaa. Kindi akanenepa shingo. Sasa niambieni, penye harufu ya shibe, nani hakosi?

—Fisi!

Fisi, ndiye. Huyo anakuja, kiuno kimeshuka, anachechemea. Hakungoja karibu. Alipiga hodi akiwa ameshaingia, akaketi palepale juu ya udongo, nyayo za watu saba zikafutika chini ya makalio yake.

"Kindi," akasema, "tangu leo zahanati hii ni yangu. Mimi ndiye mganga, wewe msaidizi. Malipo nayala mimi. Na siku nitakayoijua kazi vizuri, nitamla na msaidizi."

Kindi aliogopa. Nisiwadanganye, aliogopa kwelikweli. Kwenye kichuguu kile ndiko alikozaliwa, na kazi ile ndiyo aliyoihangaikia kwa mikono yake. Akikimbia, ataanza wapi tena na karanga moja? Akikaa, ataliwa. Mwili ulimtetemeka mpaka ncha ya mkia. Ulimi tu ndio haukutetemeka.

"Sawa, Mzee Fisi. Kazi kubwa inamfaa mkubwa. Ila ina mwiko."

"Mwiko gani?"

"Mganga akishaushika mguu wa kwanza wa mgonjwa, hali wala hanywi mpaka amalize mguu wa mwisho. Akipotewa na hesabu, anaanza upya."

"Na akila?"

Kindi akainamisha kichwa. "Mzee, kwenu hamkuhadithiwa? Babu yako alikuwa mganga wa miguu. Siku hizo ukoo wenu mzima ulitembea wima, kama bwana harusi. Siku moja akashika mguu wa mgonjwa, njaa ikamzidi, akatafuna mfupa kabla ya kumaliza. Basi tangu hapo…" Akaitazama miguu ya nyuma ya Fisi, akageuza macho kwa adabu.

Fisi akageuza shingo. Akaona kiuno kilivyoshuka. Akameza mate.

"Nyumbani tulikuwa tunajiuliza," akasema polepole.

Babu gani! Mganga gani! Uongo mtupu. Lakini mtu aliyeishi na kilema chake miaka yote, ukimpa sababu, hakuombi ushahidi.

Basi Fisi akashika kazi. Neno lake la kwanza lilikuwa bei. "Karanga ni malipo ya wajinga," akasema. "Tangu leo watu watalipa kwa mguu. Mguu mmoja, pande moja la nyama."

Habari ikaenea. Kongoni akasema, "Mguu wangu hauumi sana." Ngiri akasema, "Wangu umepona jana." Nyati akasema, "Mimi niliwahi kuwa na mguu?" Siku ya kwanza, hakuja mtu. Siku ya pili, hakuja mtu. Fisi akakaa mlangoni ameshika tama. Kombo, usinitazame hivyo, namsema Fisi.

"Kindi! Wateja wako wapi?"

"Wateja hutafutwa, Mzee."

"Katafute basi! Tangaza pori zima! Sema mganga Fisi anatibu miguu, na mwenye miguu mingi aje mbele!"

"Umesema mwenye miguu mingi?"

"Mingi! Mingi! Huna masikio?"

"Ninayo, Mzee. Nitatangaza kama ulivyosema."

Kindi akatazama juu. Mawingu ya masika yalikuwa yamejazana, meusi. Akaondoka. Lakini safari hii hakwenda njia ya mtoni. Alipita chini ya magogo yaliyooza, chini ya majani makavu, chini ya mawe, akiimba wimbo wake kwa sauti ndogo. Mwiba, mwiba, toka mguuni!

—Chechemea, chechemea!

Chini ya gogo moja akamkuta Jongoo, jirani yake wa siku nyingi. Wakanong'onezana. Jongoo akacheka kwa miguu yote.

Asubuhi yake: tiri tiri tiri tiri tiri.

"Hodi hapa kwa mganga!"

Fisi akachungulia. Akaona miguu. Akaona miguu mingine. Akaona na mingine nyuma yake, upande wa huku, na upande wa kule. Mate yakamdondoka, do, do, do.

"Karibu! Karibu sana, mgonjwa wangu! Mguu gani unakuuma?"

"Yote, mganga."

"Yote!" Fisi alifurahi, akasahau kwamba mganga hafurahii namna hiyo mbele ya mgonjwa. "Na nyama unayo?"

"Mimi nitaiweka wapi? Lakini mimi hupita chini ya kila kitu, sifichwi neno. Najua tembo aliyekufa alipolala. Nitibu, nitakupeleka kwa miguu hii hii, ukate mapande mpaka uchoke."

Tembo mwenyewe Jongoo alimzua palepale, alipokuwa akimtaja. Lakini Fisi hakuuliza. Aliudaka mguu wa kwanza.

"Wa kwanza! Wa pili! Wa tatu!" Akaenda, akaenda. Alipofika wa kumi na saba, pumzi yake ya moto ikampata Jongoo. Jongoo, viringi! Amejikunja.

"Jikunjue!"

"Samahani, mganga. Umenitekenya."

Jongoo akajikunjua taratibu, kwa raha zake. Fisi akakuna kichwa. "Tulifika wa ngapi?"

"Mimi msaidizi tu, Mzee," akasema Kindi. "Hesabu ni ya mganga. Akipotewa…"

"Anaanza upya! Najua! Wa kwanza! Wa pili!" Alipofika wa ishirini na tisa, viringi! Akaanza upya. Alipofika wa arobaini, viringi! Akaanza upya. Pua yake ikawa ya manjano kwa maji ya jongoo, na nyote mnajua maji yale yanavyonuka. Jua likatua, Fisi yuko wa kumi na mbili. Jua likachomoza, Fisi yuko wa kumi na mbili. Tumbo likalia, nguruuu.

Pembeni, Kindi: kwacha, kwacha, kwacha.

"Mbona wewe unakula?"

"Mwiko ni wa mganga, Mzee. Msaidizi hana mwiko. Ndiyo faida yetu pekee."

Nguruuu.

"Kindi, nikilamba mfupa tu? Nisitafune. Nilambe."

"Lamba, Mzee. Miguu ya mbele bado unayo mizima."

Fisi akaitazama miguu yake ya mbele. Hakulamba.

Siku ya tatu mvua ya masika ikafunguka. Paa, paa, paa, kisha shwaaa! Ilipoanuka, ardhi yote ikaanza kutikisika kidogo kidogo. Tiri tiri tiri. Tiri tiri tiri. Chini ya kila gogo, chini ya kila jani, chini ya kila jiwe, walitoka majongoo. Weusi, wekundu, wanene, wembamba, mama na wanawe, babu na fimbo yake. Foleni ilianzia mlangoni ikaishia kusikoonekana.

"Hodi! Ndipo hapa kwa mganga anayetaka miguu mingi?"

"Ndipo," akasema Kindi. "Karibuni. Msisukumane. Kila mmoja atapata zamu yake."

Fisi akasimama. Akatazama foleni, akatazama tumbo lake. "Hawa wote umewatoa wapi?"

"Si uliniambia nitangaze, Mzee? Tangazo limefika."

Jongoo wa mbele akapanda juu ya kidole cha Fisi. "Mimi, mganga, ni huu wa kwanza, na huu, na huu, na huu…"

"Yooowi!" Fisi aliruka juu, akatua katikati ya udongo wa mlangoni, puu! Akaruka tena, puu! Akaruka tena, puu! Mkia ukamfuata baadaye. Alikimbia bila kuchechemea hata hatua moja, akapotea upande wa vilima.

Kindi akakaa chini, akalia kidogo. Alikuwa amejizuia siku nyingi. Kisha akainuka kuurekebisha mlango wake, maana udongo ulikuwa umechafuka, na katikati yake zilikuwapo nyayo za Fisi. Kubwa, za ndani, zimenyooka. Akainua mkia azifagie. Akasita. Akaushusha mkia, akazitandikia majani juu zisiharibiwe na mvua.

Kesho yake Kongoni akapita, mguu umemvimba.

"Hizi nyayo za nani?"

"Za Fisi."

"Aliingia vipi?"

"Akichechemea. Pori zima linajua."

"Akatoka vipi?"

"Soma mwenyewe."

Kongoni akasoma. Akazunguka, akasoma upande wa pili. Akamwita Ngiri, naye akasoma. Kabla jua halijafika utosini, kichuguu kilikuwa kimezungukwa na watu wanaoshindana kukaa mbele. Na kwa karanga zilizoletwa siku ile, Kindi ilibidi achimbe ghala la pili.

Na Fisi? Mpaka leo akipata mfupa hakai nao. Anauchukua anakimbia, huku akitazama nyuma, maana hajui hata sasa kama ule mguu wa mwisho umemalizika.

Hadithi yangu imetembea, imefika mlangoni. Ikiwa tamu, ivueni viatu iingie. Ikiwa chungu, ivisheni viatu iende kwa jirani.

Na funzo lake ni hili: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nini tena, Kombo?

—Lakini, Shangazi, Kindi si alijitembeza kila alfajiri?

Nyamaza. Mtu mzima akishatoa funzo, halikosolewi. Kizuri chajiuza, nimemaliza. Ila kesho ukifungua zahanati yako, mchukue yule Bibi Mwanapili aliyeketi kule nyuma, umsugue magaga yake bure, kisha mwache aende sokoni na ndala mpya akamwonyeshe kila mtu visigino. Mdomo wake unaujua. Na usimwambie mtu kwamba ni mimi niliyekushauri, nisije nikaonekana nalipinga funzo langu.

Lakini kabla ya Bibi, uanze na mimi. Leta hilo beseni. Mguu huu wa kushoto, hapa kisiginoni, unaona? Bure, ndiyo, mimi ni shangazi yako. Haya, umeshaushika? Vizuri. Chakula kiko jikoni, kimefunikwa, na mguu wa pili bado.