Noti ya Tano

Wapendwa, leo nimesimama hapa nikiwa na hasira, na nawaambia mapema asije mtu akadhani ni kwa ajili ya waliochelewa. Waliochelewa karibuni, ingieni mkae. Mimi nimemkasirikia mtu wa mfano. Nimemtunga mwenyewe juzi nikiwa shambani napalilia, na nilipofika mwisho wa kumtunga nikajikuta nimesimama katikati ya mahindi, jembe mkononi, nimeudhika kabisa. Nisikilizeni, kisha mniambie kama nimekosea kuudhika.

Kanisa moja lilikuwa na mpiga gitaa. Alipoanza, vidole vyake vilikuwa vizito, kila wimbo alikuwa anafika nyuma ya waimbaji. Mwalimu wa kwaya akamwonea huruma, akamwekea kwenye simu yake metronomu. Watu wa kwaya mnaijua. Kwa ninyi wengine, ni kitu kinachogonga tok, tok, tok, bila kuchoka wala kukasirika. Unakipangia namba. Ukikipa sitini, kinagonga mara sitini kwa dakika, mwendo wa bibi anayetoka kuteka maji. Ukikipa mia na arobaini, hapo unakimbia. Wewe mpigaji kazi yako ni kuhakikisha kila tok inakukuta pale unapotakiwa kuwa.

Mwalimu akamwambia, "Anzia sitini. Ukipiga mara kumi mfululizo bila kosa, ongeza mapigo mawili. Ukikosa, rudi chini. Nusu saa kila siku, na usiache hata siku moja."

Na kweli hakuacha. Sitaki mniambie baadaye kwamba nilimsingizia uvivu. Kila asubuhi saa kumi na mbili, kabla hajaenda kazini, alikuwa ameketi kitandani na gitaa lake. Nyuma ya mlango aliandika kwa chaki namba aliyofikia. Sitini. Sitini na mbili. Sitini na nne. Ni wangapi kati yetu tunaweza kusema kuna jambo jema tumelifanya kila siku kwa miezi minane?

Sasa, alikuwa anafanyia mazoezi utangulizi wa wimbo mmoja wa maombolezo ambao kanisa lile linaupenda sana, na ambao kwaya ilikuwa imeuchangamsha kwa ajili ya matamasha. Utangulizi wenyewe ni mfupi. Noti tano tu, kisha mwimbaji anaingia. Ile ya tano ndiyo inayompa sauti ya kuanzia. Anaisikia, anaishika, anaimba. Na noti hiyo ya tano ilikuwa inabonyezwa kwa kidole kidogo, ambacho kwa kila mpiga gitaa ndicho kidole kigumu kufundishika.

Alipofika themanini, kidole kidogo kikaanza kuchelewa. Kanuni anaijua. Rudi chini. Lakini kurudi chini maana yake ni kufuta namba mlangoni na kuandika ndogo zaidi, na mkono wake ulikataa kufuta. Basi akapata ujanja. Akipiga noti nne safi kabisa, ya tano anaiacha, mkono unasogea kusubiri pigo linalofuata, na tok ikija inamkuta yuko pale pale. Hakuchelewa, wala hakuwahi. Akaandika themanini na mbili.

Nawauliza, metronomu ililalamika? Ingelalamikaje, wakati haina masikio? Inagonga tu. Inajua umefika saa ngapi, haijui umekuja na nini. Akaenda tisini, akaenda mia, akapita mia na ishirini. Kwa kasi ile, noti moja ikikosekana nani atajua? Isitoshe kanisani kulikuwa na kinanda, na kinanda kilikuwa kinapiga noti zote tano. Waimbaji walikuwa wanaishika sauti kwenye kinanda, wakiamini wamepewa na gitaa.

Mwalimu wa kwaya yeye alisikia. Siku moja baada ya mazoezi akamwita pembeni.

"Ndugu yangu, ile noti ya tano iko wapi?"

"Mwalimu, kwa mwendo ule nani anaisikia?"

"Mimi nimesikia kwamba haipo. Rudi sitini, kifundishe kidole."

"Nirudi sitini leo? Niko mia na arobaini, mwalimu. Watu wananiita kila tamasha."

Na mwalimu akanyamaza. Hapo namkasirikia mwalimu pia. Kwaya ilikuwa inasifiwa, bendi za tarumbeta za makanisa jirani zilikuwa zinakuja kuwasikiliza, akaona avumilie. Kuna kunyamaza kwingine tunakuita busara, na ni woga mtupu.

Katika kanisa lile kulikuwa na mama mmoja, mwimbaji wa sauti ya pili tangu ujana wake, mjane, mwenye binti mmoja tu. Binti akaugua, akafariki. Na watu wa kule wana desturi yao ya msiba. Jeneza halinyanyuliwi kutoka uani mpaka mama wa marehemu aanzishe wimbo. Kwaya yote inasimama kimya, wanaume wameshika vishikio vya jeneza, hakuna anayefungua mdomo kabla yake. Ndiyo kwaheri yake kwa mtoto. Hotuba wanatoa wengine, wasifu wanasoma wengine, lakini wimbo ule ni wa mama.

Mama akachagua wimbo uleule. Akaomba upigwe taratibu, kama alivyokuwa akimwimbia binti yake zamani akiwa mchanga. Siku hiyo umeme ulikatika mtaa mzima, kinanda hakikuwaka. Likabaki gitaa peke yake. Watu mia tatu uani, kimya, mama amesimama kichwani mwa jeneza, mkono mmoja juu ya mbao.

Jamaa akapiga. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Kisha hapakuwa na kitu.

Mama alikuwa ameshafungua mdomo. Akaufunga. Akamtazama mpiga gitaa, akatikisa kichwa kumwomba arudie. Akarudia. Moja, mbili, tatu, nne, kimya. Mama akajaribu kuingia hivyo hivyo, sauti ikashuka chini mno, ikakatika. Akajaribu tena, ikapanda mno. Wanawake wakaanza kulia. Mwendesha ratiba akatazama saa yake, akasema tuwahi makaburini, mama amezidiwa. Wakanyanyua jeneza. Binti akatoka nyumbani kwao bila mama yake kumwimbia hata mstari mmoja.

Mtaniuliza, mchungaji, kwa nini asipige noti ile siku hiyo, mwendo si ulikuwa wa polepole? Ndipo hapo jambo lilipo. Tangu alipofika themanini, asubuhi kwa asubuhi, nusu saa bila kuacha, alikuwa amekifundisha kile kidole kutofika. Na kilikuwa kimeelewa somo vizuri sana. Siku alipokihitaji, kikafanya kilichofundishwa. Bidii haikumkosa hata kidogo, tena ndiyo iliyomkomaza kwenye kosa lake. Mvivu angekuwa na nafuu, kwa sababu mvivu angekosea mara moja moja tu.

Lakini bado sijafika kwenye hasira yangu. Kukosa noti ni jambo la binadamu. Mimi mwenyewe mnajua ninavyoimba.

Walipotoka makaburini, watu wananawa mikono wale chakula, yule mama akamfuata mpiga gitaa. Mama mfiwa, miguu imejaa vumbi la kaburi la mwanawe, ndiye aliyetembea kumfuata. Akamwambia, "Baba, naomba unisamehe. Nimekuaibisha mbele za watu. Nilikuwa nataka nimwimbie tu, lakini sauti imenikataa. Sijui nimepatwa na nini."

Wapendwa, hapo kulikuwa na nafasi ya kusema maneno matatu. "Mama, ni mimi." Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuyatamka. Unajua alijibu nini yule bwana?

Alisema, "Usijali, mama. Ndiyo misiba. Mimi nilikuwa nakusubiri tu uingie. Nimeshakusamehe."

Alimsamehe! Mtu aliyemnyang'anya mama kwaheri ya mtoto wake alisimama pale na sahani ya wali mkononi, akamsamehe. Na mama akashukuru. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya akina mama wa kule, akashukuru kusamehewa. Watu waliokuwa karibu wakasema, huyu ndugu ana moyo.

Mwezi ule mama akaenda kwa wazee wa kanisa akaomba atolewe kwenye kwaya. Akasema amezeeka, sauti imekwisha, asije akaharibu msiba wa mwingine. Wazee wakamwandikia barua nzuri ya shukrani. Tangu hapo anakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na wimbo ukipigwa anatazama chini. Anaamini mpaka leo kwamba alimwangusha binti yake siku ya mwisho.

Na yule bwana? Kesho yake saa kumi na mbili aliamka, akawasha metronomu, akaongeza mapigo mawili.

Niambieni kama nimekosea kukasirika. Naona mnatikisa vichwa. Naona na wapiga gitaa wetu wanatazama viatu vyao. Watazameni vizuri, maana wao leo ndio wenye nafuu humu ndani, mfano huu hauwahusu peke yao.

Sisi sote tuna namba zetu nyuma ya mlango. Nimeokoka miaka ishirini na mbili. Sijakosa ibada ya asubuhi tangu mwaka juzi. Nimefunga, nimekesha, nimehitimu mafundisho, nimesoma sura zangu kila siku. Vizuri. Sikatazi. Lakini kuna noti ambayo tunairuka kila siku hiyohiyo, na tumeiruka kwa uaminifu mpaka mkono umezoea. Na mbaya zaidi, wanaokosa sauti kwa sababu yetu, tunawasamehe.

Baba, ukiingia nyumbani watoto wananyamaza, mmoja mmoja wanahamia jikoni kwa mama yao. Halafu jioni unawaambia wenzako, watoto wa siku hizi hawana mazungumzo na wazazi, lakini mimi nimewasamehe. Umewasamehe nini? Ni lini uliwahi kumuuliza mmoja wao swali ambalo halikuhusu matokeo ya mtihani?

Mama, yule dada wa kazi alikaa kwako mwaka mzima, jina lake hukulitaja, alikuwa "wewe". Akaondoka bila kuaga. Umekuja kwenye maombi ya akina mama ukasema, hana shukrani ila nimemwachilia. Umemwachilia kutoka wapi? Wewe ndiye uliyemshika.

Na ninyi wazee wa baraza, msijifanye mnaandika. Kijana alikuwa anakuja vikaoni, kila akifungua mdomo mnamkatiza. Akaacha kuja. Kwenye taarifa ya robo mwaka mmeandika kwamba amepoa kiroho, na kwamba baraza linamwombea. Tunamwombea yeye.

Msinielewe vibaya, kusamehe ni jambo kubwa. Ndiyo maana naona uchungu likitumiwa kama kitambaa cha kufunikia uchafu wa mikono yetu. Ukimsamehe mtu asiye na kosa, umemwongezea mzigo ambao si wake, na umemtaka akushukuru. Atakwenda nao miaka. Ataukubali, kwa sababu wewe ni mtu mwenye bidii, namba zako zinajulikana, nani atakushuku?

Nilipokuwa kule shambani na jembe langu, nilidhani namkasirikia mpiga gitaa. Nikapalilia mstari mwingine mmoja, nikakaa chini.

Mnakumbuka mwezi wa tatu. Kuna mama hapa kwetu hakuonekana kanisani kwa wiki tisa. Aliporudi, mimi mchungaji wenu nikamsimamisha mbele yenu, nikasema kanisa limemsamehe kwa kutuacha, na mimi binafsi nimemsamehe. Mlipiga makofi. Alilia, nasi tukasema ni machozi ya toba. Jambo ambalo sikuwaambia ni kwamba wakati mumewe amelazwa, alinipigia simu mara tatu akiomba niende wodini nikamwombee. Mara ya kwanza nilikuwa na semina ya maombi. Mara ya pili nilikuwa nimefunga. Mara ya tatu niliiona simu ikiita nikaiacha, nikiandaa mahubiri. Mumewe alifariki hajaniona. Na mama akaja hapa akaniomba radhi kwa utoro wake, nami nikampa msamaha kwenye kipaza sauti hiki hiki.

Ningeweza kumfuata nyumbani kwake jana, tukayamaliza sebuleni. Nilifika mpaka kwenye uzio wake nikageuka. Nilimsamehe mbele ya watu wote, nikaona siwezi kumwomba radhi kwa kificho.

Mama Lusajo, najua uko nyuma pale, usisimame, kaa tu. Leo anayesimama ni mimi. Wewe hukutuacha. Uliita mara tatu, na nilikusikia.