Hotipoti Isiyo na Jina

Mwanamke mmoja alikuwa na hotipoti isiyo yake. Aliitwa Eliwaza. Alifiwa na mama mkwe, na kama ilivyo desturi yetu, majirani wakaleta vyombo vya kupakulia, kila kimoja kimebandikwa chini kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe. Matanga yalipoisha vyombo vikarudishwa. Kimoja, hotipoti, akakisukuma uvunguni. Kilikuwa cha jirani yake, Mama Nanzia. Akajiambia, akija kuuliza nitampa. Hakuja. Akaibandua plasta.

Plasta ilitoka, gundi ikabaki. Ikakamata vumbi, ikawa nyeusi, hata asiyejua kusoma angejua kwamba hapo palikuwa na jina la mtu. Akakwangua kwa kisu, akakichubua chombo. Akasugua kwa mafuta ya taa, chakula kikanuka mafuta hayo na wanawe wakakisusa.

Basi, siku ya kikundi cha akina mama kanisani, akauliza kama mtu anayeuliza tu, "Jamani, gundi ya plasta inatolewaje?"

"Mwenzetu kanunua vyombo, hata chai hajatuita!" wakamcheka.

Aliyemjibu vizuri ni Mama Nanzia mwenyewe, bila kujua lolote. Asikwangue, alimwambia. Apake mafuta ya kula, ayaache yalainishe, kisha afute kwa majivu na kitambaa.

Gundi ikatoka yote. Lakini Eliwaza alipokiona chombo kinang'aa kwa shauri la mwenye mali, aibu ikamshika, akashindwa kukipakulia chakula. Akakifunga kwenye kanga akakipeleka, mdomoni ana maneno mepesi: ulikisahau msibani.

Mama Nanzia akakigeuza chini juu. Hakuona jina, na hotipoti zenye maua kama ile ziliuzwa gulioni, karibu kila nyumba inayo. Akamrudishia.

"Hii si yangu, mdogo wangu. Yangu ina jina. Mtafute mwenyewe, asije akahangaika bure."

Yale maneno mepesi yakakauka. Eliwaza akapiga magoti pale pale mlangoni, mbele ya watoto wa watu, akasema, "Ni yako, dada. Jina nililibandua mimi."

Ndugu zangu, nawasimulia haya nikiwa nimeinamisha macho, maana nami ni fundi wa kusugua. Sisi tuliojifuta jina la Mungu wetu hata mwenye mali hawezi tena kuijua mali yake, tunangoja nani aseme kwa niaba yetu?