Mwiba wa Nungunungu na Unyoya wa Chiriku

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko macho. Najua mlitaka ngano ya Sungura. Kila siku Sungura, Sungura, kama vile porini hakuna mwingine. Leo simtaki. Anayenuna na anune, nitasimulia hivyo hivyo.

Hapo zamani za kale, wanyama hawakuwa na simu za kutelezesha kidole. Walikuwa na jabali. Jabali pana, limesimama katikati ya mbuga, na kila mwenye neno aliliandika pale. Twiga aliandika juu, panya aliandika chini. Chini ya jabali palikuwa na vumbi laini kama unga. Msomaji akipendezwa na neno, alikanyaga vumbi lililo mbele yake, pa! Akaacha unyayo. Basi mwenye nyayo nyingi alitembea kifua mbele, na asiye na nyayo alipita pembeni.

Nungunungu naye aliandika. Yeye aliandika kwa mwiba wake mwenyewe. Aliunyofoa mgongoni, nyofo! Ukamuuma. Kisha akakwaruza jabali, krrr, krrr, krrr. Aliandika mambo ya chini ya ardhi, maana ndiyo aliyoyajua. "Magimbi ya bondeni bado yanawasha. Subirini." Siku nyingine, "Udongo wa kaskazini umelainika. Chimbeni huko."

Nani alisoma? Kobe.

Nani mwingine? Hakuna.

Kobe alikaa mbali. Alitembea siku mbili kulifikia jabali, kwata, kwata, kwata. Akisoma, anakanyaga, pa! Anasema, "Mpwa wangu, nimesoma. Magimbi nimeyaacha." Kisha anarudi siku mbili nyingine.

Sasa, palikuwa na Chiriku. Mdomo wa Chiriku mnaujua. Nyayo za wasomaji wake zilijaa vumbini mpaka hapakuwa na pa kutua. Siku moja akamtazama Nungunungu, akacheka.

"Dada, unyayo mmoja? Na wenyewe wa Kobe?"

"Huo huo mmoja," akasema Nungunungu.

"Mwiba wako unakwaruza. Unawaumiza macho. Shika unyoya wangu, uuchovye kwenye maji ya zambarau. Unateleza wenyewe! Halafu acha mambo ya magimbi. Waandikie wanachotaka."

Nungunungu aliona uchungu, tena sana. Msimcheke. Nani asiyetaka kusomwa? Hata mimi hapa, mmoja wenu akisinzia, nitamfinya.

Akauchukua unyoya.

Siku ya kwanza akaandika, "Fisi anatembea kama aliyekalia siafu." Pa! Pa! Pa! Nyani walikanyaga, swala walikanyaga, ngiri walikanyaga. Fisi alipita, akasoma, akainamisha kichwa, akaenda zake.

Siku ya pili akaandika, "Hakuna ndevu mbugani kama za Nyumbu." Lo! Nyumbu walikuja kundi zima. Vumbi lilitimka mpaka jabali halikuonekana.

"Si nilikwambia?" akasema Chiriku.

Nungunungu akatembea kifua mbele. Mgongo hauumi, nyayo zinaongezeka, ataka nini tena?

Kisha jua likawaka. Likawaka, likawaka, likawaka. Mto ukaanza kupungua. Wanyama wakaja jabalini wakauliza, "Nungunungu, wewe ni mchimbaji. Tuhame au tukae?"

Nungunungu alikuwa ameshachimba ukingoni. Aliingiza mkono mpaka begani, udongo ukatoka mkavu, wa kupeperuka. Alijua. Mto ule ulikuwa unakufa.

Chiriku akamnong'oneza, "Hawataki kuhama. Wamechoka, wana watoto. Ukiwaambia wahame, watakuchukia. Waandikie wanachotaka."

Nungunungu akachovya unyoya. Akaandika, "Mto haukauki. Kaeni."

Pa! Pa! Pa! Pa! Hazijapata kuonekana nyayo kama zile. Walimbeba juu juu. Waliimba jina lake. Na kando kabisa, palikuwa na unyayo mmoja wa mviringo. Kobe alikuwa amekuja, amesoma, amekanyaga, ameshuka mtoni.

Siku tano hazikupita, mto ukakauka.

Nungunungu akaenda kutazama. Akamkuta Kobe katikati ya mto, matope yamemkaukia miguuni, yamempasukia. Hawezi mbele, hawezi nyuma. Ulimi nje.

"Shangazi! Kwa nini hukuhama?"

"Si uliandika tukae?"

"Shangazi, yale niliyaandika kwa unyoya tu!"

Kobe akafumbua jicho moja. "Mimi sitazami kilichoandika, mpwa wangu. Natazama aliyeandika."

Nungunungu akalia. Alilia huku anachimba, chaku, chaku, chaku, mpaka miguu ya Kobe ikatoka. Akamsukuma kwa kichwa, mwendo wa asubuhi nzima, mpaka kwenye mkuyu wa bonde la juu. Hapo alikuwa anapajua tangu zamani. Akachimba. Udongo mkavu. Akachimba. Udongo baridi. Akachimba. Tii, tii, tii, maji! Kobe akanywa.

"Na wale wengine?" akauliza Kobe alipopata sauti.

Wengine walikuwa bado jabalini, wanasoma yale yale. Mto haukauki, kaeni. Ndama wamelala chini, mama zao wanasoma. Neno ni zuri mno kuliacha!

Nungunungu akarudi mbio. Ilikuwa jua la utosini, kila mtu anamwona.

"Huyoo!" wakashangilia. "Tuandikie tena! Tuandikie ya Fisi!"

"Ng'o!" akasema Nungunungu.

Akapenya katikati yao mpaka jabalini.

Chiriku akamrukia sikioni. "Unataka kufanya nini? Ukijisuta mbele yao, watazifuta nyayo zao zote!"

"Na wazifute."

"Utabaki peke yako!"

"Nitabaki na mgongo wangu. Shika unyoya wako, Chiriku. Ni mzuri, lakini haukuota kwangu."

Akaingiza mkono mgongoni. Nyofo! Damu ikachuruzika. Krrr, krrr, krrr. Akaandika juu ya maneno yake mwenyewe, akiyachana: NILIDANGANYA. MTO UMEKUFA.

Kelele zikapanda. "Mwongo! Msaliti!" Nyumbu wakapiga teke vumbi. Nyani wakafagia kwa mikia. Fyuu, fyuu, fyuu. Nyayo zikafutika, moja, kumi, zote.

Mwiba ukavunjika. Nungunungu hakugeuka. Nyofo! Akachukua mwingine: MAJI YAKO CHINI YA MKUYU, BONDE LA JUU. Nyofo! Akachukua wa tatu: CHIMBENI. MKINICHUKIA, NICHUKIENI MKISHAKUNYWA.

Vumbi lilikuwa tupu kabisa. Hapo akajitokeza mmoja, anachechemea. Fisi. Akasoma polepole. Akamtazama Nungunungu.

"Uliniumbua," akasema.

"Nilikuumbua. Na halikuwa neno langu la kusema. Nisamehe."

"Bado nina hasira."

"Una haki."

"Lakini hili ni la kweli." Fisi akakanyaga, pa! Akashika njia ya bonde la juu.

Ndama mmoja akamfuata. Mama yake akamfuata ndama. Basi wakaenda wote, wananung'unika njia nzima. Walichimba, wakanywa, wakapona. Wakamshukuru? Thubutu! Nyumbu mmoja, maji yakimdondoka ndevuni, alisema, "Angalau angeandika kwa upole."

Mvua ilikuja baadaye, ikapiga jabali siku tatu. Maneno ya zambarau yakatiririka chini, yakawa tope. Ya Chiriku yote, na sifa za ndevu, na matusi aliyotukanwa Fisi. Nyayo nazo zikaenda. Jabali likabaki na mikwaruzo tu. Magimbi bado yanawasha. Nilidanganya. Chimbeni.

Kobe akaja, siku mbili za mwendo. Akasoma yote, akakanyaga. Pa! Na Nungunungu akanyofoa mwiba mwingine.

Haya basi, wakubwa na watoto, na hasa nyinyi mnaoandika mitandaoni mkihesabu wafuasi kila mkipepesa jicho. Kutaka kusomwa si dhambi. Waite watu, waje. Lakini ukiwapa wanachotaka mpaka ukose cha kwako, siku watakapokuhitaji watakuta umeshahama. Andika unachokijua, kwa kalamu iliyoota kwako, hata kama msomaji ni Kobe peke yake.

Hadithi yangu imeishia hapo. Kama imewakuna, ichukueni mwende nayo. Kama imewachoma, siombi radhi: mwiba ni wangu.