Ripoti ya Kompyuta Arobaini

Mwenye simu aiweke mbali. Nina kesi, na mkishaisikia ndipo tutajua kama nyinyi ni waamuzi au wapiga makofi tu.

Chuo kimoja cha uuguzi huko Tabora kilikuwa na wafanyakazi watatu ambao mikataba yao ilikuwa ikiisha mwezi mmoja. Nyamizi alijua kuandika skripti: mistari michache ya maagizo, na kompyuta inajieleza yenyewe. Maganga, fundi, aliifikia kila mashine chuoni, hata zile zilizogeuzwa meza za chai. Chausiku wa masjala alijua kusoma. Msicheke. Nasema kusoma, si kupitisha macho halafu ukasema "nimeiona".

Mitihani ya mwaka ule ilikuwa ifanyike kwenye kompyuta. Bodi ya mitihani ikaandika: thibitisheni kwamba mashine zote arobaini zinapokea masasisho ya programu, la sivyo wanafunzi wenu watafanyia mkoa mwingine. Mkuu wa chuo, Mama Lukanga, akawaita watatu wale.

"Nataka historia ya masasisho ya kila kompyuta. Atakayeifanikisha, ajira ya kudumu ni yake."

"Ni moja tu, mama?" Maganga akauliza.

"Nimepewa moja. Nikuzalie nyingine?"

Nyamizi akaandika skripti ya kuihoji mashine: umewekewa sasisho gani, lini, na lilifanikiwa au lilishindikana? Maswali mazuri. Ila jedwali likawa pana, safu ya mwisho ikatoka nje ya karatasi. Akaifuta hiyo ya kufanikiwa na kushindikana. Ukurasa ukapendeza.

Maganga akaiweka skripti kwenye mashine zote na kuipangia muda: kila Jumatatu saa tatu asubuhi iamke yenyewe, itoe ripoti, iipeleke kwenye faili moja. Bila yeye, mistari ya Nyamizi ingebaki kwenye kompyuta ya Nyamizi. Lakini alipokuwa akipita mashine moja moja, aliona kwenye skrini: imeshindikana, imeshindikana. Akafunga dirisha. Ubavuni pa kila mashine palikuwa na kadi, na kwa miezi kumi na moja yeye mwenyewe alikuwa akiandika hapo "imesasishwa" na kutia sahihi, bila hata kuiwasha.

Chausiku akapewa ripoti aiandikie barua ya kwenda Bodi. Akaona sasisho moja, namba ile ile, limeingia kwenye kompyuta moja mara tisa. Kitu kikishaingia, kinaingiaje tena? Akajiambia, mimi wa masjala, nikisema watanicheka. Akagonga muhuri.

Jumatano Mama Lukanga aliwasimamisha watatu mbele ya chuo kizima. Makofi. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu akamshika Chausiku mkono: "Asante, dada. Nilishaanza kuomba nauli nyumbani." Chausiku akatamani mkono ule urudi kwa mwenyewe. Mchana akaenda moja kwa moja karakana, akawakuta wenzake.

"Kaka Maganga, sasisho moja linaingia mara tisa?"

"Labda limepapenda."

"Acha utani. Nimegonga muhuri kwenye uongo."

Nyamizi akatazama sakafu. "Safu niliifuta mimi. Haikuenea."

"Haikuenea!" Chausiku akadakia. "Si ungeilaza karatasi?"

Maganga akabandua kadi ya mashine iliyokuwa mbele yake, akaiweka mezani. "Na mimi niliona," akasema.

Chausiku akaandika barua ya pili ya kuifuta ya kwanza, akaeleza kila kitu. Nyamizi akairudisha safu, ripoti ikasema kweli: mashine ishirini na tisa zimeshindwa, diski zimejaa. Maganga akazisafisha siku nne, Jumapili ikiwemo. Jumatatu ripoti ikaja safi, safari hii safi kwelikweli. Bodi ikakubali. Mitihani ikabaki Tabora.

Mama Lukanga akawaita. "Haya, nani?"

Kila mmoja akarudi nyuma hatua moja.

"Juzi mlikuwa mnasukumana mlangoni kwangu. Leo mabubu?"

"Mpe Chausiku," Nyamizi akasema. "Ndiye aliyesema."

"Baada ya kugonga muhuri," Chausiku akajibu. "Apewe Maganga, kafanya kazi mpaka Jumapili."

"Nisafishe uchafu wangu halafu nizawadiwe? Skripti ni ya Nyamizi."

"Skripti niliyoikata ulimi," Nyamizi akasema.

Mama Lukanga akavua miwani. "Na mimi niliisifu ripoti bila kufungua ukurasa wa pili."

Barua ya ajira iko mezani, pa kuandika jina pako wazi. Ijumaa isipojazwa, nafasi inakwenda chuo kingine, na wote watatu watafungasha. Msiniambie "wote wanastahili", hayo ni maneno ya kwenye sherehe, na kiti ni kimoja. Kalamu ingekuwa mkononi mwako wewe, ungeandika jina la nani? Na ungewaambia nini wale wawili?