Mzee Aliyekataa Kula

Isome hii mpaka mwisho, kisha mtumie yeyote anayeishi na mzazi wake.

Subilaga alikuwa mwanafunzi wa maabara katika chuo kimoja mjini Morogoro. Mama yake alipofariki, alimchukua baba yake, Mzee Ambokile, kutoka Kyela ili amtunze. Akampikia samaki, ndizi za nazi, kila alichodhani kitamfaa. Mzee akawa anaonja tu na kusukuma sahani. Nguo zikaanza kumpwaya. Hospitali walimpima, hawakuona ugonjwa.

Subilaga akakosa utulivu. Akiwa maabara anawaza sahani ya baba. Akiwa nyumbani anawaza chupa zake za maabara.

Chupa nazo zilimtesa. Alipewa kazi ya kukuza bakteria waliotoka kwenye tope la mashamba ya mpunga. Akawawekea sukari, akaongeza, akazihamishia chupa penye joto, akazirudisha. Maji yakabaki maangavu. Hakuna kilichoota.

Mwalimu wake, Dokta Mringo, akazitazama. "Umewalisha nini?"

"Sukari, mwalimu. Bakteria gani anakataa sukari?"

"Hawa. Kule topeni wanakula methani, ile gesi inayobubujika kutoka chini. Wape hiyo na hewa, kisha uwaache."

Akawapa. Baada ya siku chache maji yakawa meupe kama yaliyooshewa mchele: bakteria walikuwa wameota.

Subilaga hakungoja hata kusifiwa. Alikwenda nyumbani mbio, akaingia chumbani kwa baba yake na kuanza kukunja nguo zake. Chakula cha mchana kilikuwa kwenye meza kando ya kitanda, hakijaguswa.

"Unanipeleka wapi?"

"Kyela, baba. Nimeelewa. Umepakumbuka kwenu."

"Nani kakwambia nataka kurudi? Mama yako hayupo kule."

Subilaga akaiacha nguo aliyokuwa akiikunja, akakaa kitandani. "Sasa unataka nini, baba?"

Mzee akafikiri. "Kule nilikuwa nabishana na watu tangu kunapopambazuka. Mipaka ya mashamba, mahari, bei ya mpunga. Hapa hata nikisema uongo mnaniitikia, 'Ndiyo, baba.' Mtu ataishije kwa ndiyo?"

Subilaga akamgeukia. Kisha akasema, "Baba, ile mahari ya binamu yangu uliiamua vibaya."

Mzee akakaa wima. "Vibaya wapi?" akauliza, huku akiivuta sahani karibu. "Hebu nieleze."

Funzo: Kinachowachosha wengine huenda ndicho kinachomweka mwenzako hai. Kabla ya kumlisha unachokipenda wewe, muulize yeye anaishi kwa kitu gani.